Barafu Iliyeyuka Mikononi Mwangu Mkwe Akiita

Mimi ni mkosaji. Nalisema mapema, ndugu msomaji, usije ukanionea huruma kabla hujasikia nilichofanya. Huruma nimeshapewa nyingi, na sifa nimepewa nyingi zaidi. Zote si haki yangu.

Jina langu silitaji. La mume wangu silitaji pia, maana yeye hana kosa. Na la marehemu baba yake sijawahi kulitamka tangu niolewe, wala leo sitaanza.

Nimezaliwa upande wa Iringa, kwa Wahehe. Nilisoma shule ya misheni mpaka darasa la nne, baba akasema inatosha, nikaenda kufanya kazi jikoni kwa masista. Huko nilijifunza kuoka mkate na kukaanga maandazi ya kizungu, lakini kitu nilichokipenda kuliko vyote ni barafu ya matunda. Masista walikuwa na sanduku la barafu linalowashwa kwa mafuta ya taa. Sista mmoja mzee, mwenye mikono iliyojaa mabaka, alikuwa akiitengeneza kwa ajili ya wagonjwa wa zahanati waliokataliwa na makoo yao. Alikuwa akiniambia, "Mtu asiyeweza kumeza maji, hii huiweka ulimini ikaingia yenyewe."

Kumbuka maneno hayo. Mimi niliyajua. Sikuwa mjinga wa jambo hili.

Mume wangu ni Mnyakyusa, mpishi wa Mzungu. Alikuja Iringa na bwana wake, tukakutana sokoni tukigombea kabichi moja. Alisema, "Dada, niachie hiyo, memsahibu wangu atanifukuza kazi." Nikamwambia, "Na mimi sista wangu atanifukuza peponi." Akacheka mpaka akaiachia. Baada ya mwaka alinioa akanileta Mbeya.

Sasa sikiliza desturi ya kwao, maana bila hiyo hutanielewa.

Kwa Wanyakyusa mke haonani na baba wa mume wake. Si ugomvi, ndiyo heshima yenyewe. Ukimwona anakuja njiani unatoka njiani, unajificha, au unajifunika nguo mpaka apite. Husemi naye. Huingii alimo. Jina lake hulitamki. Na yeye pia hakusemeshi. Mnaweza kuishi hivyo mpaka mmoja wenu afe, na watu wakasema mlipendana.

Siku ya harusi nilikaa nimefunikwa katikati ya wanawake, nikamsikia mzee upande wa pili wa ua anawaambia wenzake, "Mmeniletea mtoto wa Iringa. Ataniheshimu mwezi mmoja huyu! Mwezi wa pili mtamkuta sokoni ananinyoshea kidole, 'Babaa, nunua ndizi!'"

Wazee walicheka. Wanawake walionizunguka walicheka. Wifi yangu mkubwa alinifinya paja akasema, "Umesikia, mwali? Wanasema shingo yako ngumu kama ya mbuzi."

Sikucheka. Nikasema moyoni, utaona, mzee.

Na kweli aliona. Jamani, niliishika heshima ile kuliko waliozaliwa nayo! Mara moja tulikwenda Tukuyu kwao kusalimia, nimebeba kikapu cha mayai. Nikamwona mzee kwa mbali anakuja na fimbo yake. Nikajitupa mtaroni na kikapu chote. Mayai yakapasuka yakaniingia mpaka kifuani. Wifi alikuja kunitoa huku machozi ya kicheko yanamtoka.

"We wifi! Hata sisi hatujitupi hivyo! Ungegeuka tu ukatazama migomba, basi!"

"Nilidhani ameniona."

"Amekuona nini, macho yenyewe ya zamani! Sasa utamwambia nini mumeo? Kwamba umekuja kutaga Tukuyu?"

Nilicheka naye, lakini ndani nilikuwa na raha. Habari ya mayai ilizunguka kijiji chote. Watu wakasema, yule wa Iringa ana adabu. Ilinikaa kifuani kama chai ya moto siku ya baridi. Hapo ndipo ugonjwa wangu ulipoanzia, nami nikaudhania ni adabu.

Mwaka juzi mzee aliota uvimbe kooni. Walimpeleka kwa waganga wa kwao, kisha hospitali ya Mbeya. Daktari akamwambia mume wangu kwamba hakuna la kufanya, mgonjwa akae karibu ili achukuliwe dawa ya maumivu.

Mume wangu alirudi nyumbani akakaa kwenye kigoda bila kuvua kofia.

"Mama watoto, baba atakuja hapa."

"Hapa? Atalala wapi?"

"Chumba cha mbele. Wewe utapita mlango wa nyuma. Dada atakuja kumhudumia."

"Nyumba ndogo hii, baba watoto. Atanisikia hata nikipiga chafya."

"Kusikia si kuona," alisema.

Basi akaja. Nyumba yetu ni ya matofali mabichi, vyumba viwili, jiko liko uani. Chumba cha mbele kina mlango wake unaotazama njia, na ukuta wake mmoja ndio ukuta wa uani ambapo mimi nakaa kupika. Dirisha dogo liko juu, la kupitisha hewa. Nilikuwa nikimsikia akikohoa, akigeuka, akisali. Wifi alikuja akamhudumia, na mume wangu kila akirudi kazini aliingia kumsalimia. Mimi nilipika tu.

Lakini nilichopika hakikupita. Uji ulirudi. Supu ilirudi. Hata maji ya vuguvugu alikuwa akiyameza kwa kulia. Mzee mwenye ng'ombe na wajukuu, analia kwa sababu ya maji!

Ndipo nikamkumbuka yule sista. Nikamwambia mume wangu, "Leta barafu kwa bwana wako."

"Barafu ya nini?"

"We ilete, na chumvi ya mawe mawe ninunulie."

Memsahibu alimruhusu. Alikuja na mapande ya barafu ndani ya debe, ameyafukia kwa maranda na kufunga gunia. Nami nikaanza kazi.

Nitakueleza jinsi inavyotengenezwa, maana kazi yenyewe si mbaya, na huenda ukawa na mgonjwa. Unachukua pasheni zilizokunjamana, ndizo tamu. Unakamua na kuchuja kwa kitambaa mbegu zisipite. Sukari unaichemsha na maji kidogo mpaka iyeyuke, unaiacha ipoe kabisa, unachanganya na pasheni na limau moja. Sukari ikizidi haigandi, ikipungua inakuwa ngumu kama jiwe. Unatia kwenye kopo lenye mfuniko na kulisimamisha ndani ya ndoo. Pembeni unashindilia barafu iliyovunjwavunjwa, tabaka la barafu, tabaka la chumvi. Chumvi ndiyo inayoifanya barafu iume. Kisha unalishika kopo na kulizungusha, kulia, kushoto, kulia, kushoto, mpaka mikono ife ganzi. Kila mara unafungua, unakwangua pembeni kwa mwiko mdogo, unakoroga, unafunika tena. Maji ya chumvi yakiingia hata tone, umeharibu yote. Mwisho inakuwa laini, ya njano, inasimama juu ya kijiko bila kumwagika.

Siku ya kwanza mume wangu ndiye aliyempelekea. Nilibaki uani nimeegemea ukuta, nimetega sikio.

Kisha nikasikia sauti ya mzee, iliyokwaruza.

"Hiki nini?"

"Onja tu, baba."

Kijiko kiligonga kikombe. Halafu, utaamini? Alicheka! Mtu aliyekuwa hawezi kumeza mate yake.

"Mwanangu, hii ni mvua ya mawe! Mmeitia sukari mvua ya mawe!"

Alikula kijiko kwa kijiko mpaka akamaliza kikombe. Usiku ule alilala.

Tangu siku hiyo ikawa ndicho chakula chake. Mume wangu alileta barafu, mimi nilizungusha kopo, wifi alipeleka. Mzee hakuweza kunishukuru, maana hasemi na mimi. Lakini wazee wa kule wana njia. Kulikuwa na jogoo wetu aliyependa kuingia chumbani kwake kuokota makombo. Basi akawa anamsemesha jogoo, kwa sauti ya kufika uani.

"We jogoo, mwambie mwenye nyumba kwamba koo leo limepoa."

Siku nyingine, "Jogoo, kamwambie mwenye nyumba limau la leo limezidi. Lakini asikasirike."

Mimi nikicheka peke yangu nimejiziba mdomo kwa kanga. Wifi akitoka alikuwa akisema, "Baba amepata rafiki. Jogoo akichinjwa na yeye atakufa."

Na siku moja, nakumbuka nilikuwa nachuja pasheni, akasema taratibu, "Jogoo, mwambie mtoto wa Iringa ameshinda. Mimi nilisema mwezi mmoja. Nimeshindwa mimi."

Nilikaa chini. Nililia kwa furaha. Ningalikufa siku hiyo, ningalikufa mtu mwema.

Jirani yetu wa upande wa njia ni Bi Zena, mke wa muuza nguo, watu wa asili ya Pwani. Ni mama mtu mzima, mnene, mcheshi, ananiita mwanangu. Alikuwa akija uani kunitazama nikizungusha kopo. "Hii ingekuwa kwetu Pwani kwenye joto, mwanangu, ungekuwa na nyumba ya ghorofa. Hapa Mbeya unamuuzia nani barafu? Watu wenyewe wanatetemeka!" Nilikuwa nikimpa kijiko, anafumba macho, anasema, "Subhanallah, meno yangu!" na anaomba kingine.

Sasa nafika kwenye siku yenyewe. Mkono wangu mzito, lakini nitaandika.

Mume wangu alikuwa amesafiri na bwana wake kwenda Iringa. Kabla ya kuondoka alileta bonge kubwa la barafu, akalifukia kwenye maranda, akaniambia, "Hili litakufikisha mpaka nirudi." Wifi aliondoka asubuhi kwenda hospitali kuchukua dawa. Aliniambia, "Nikichelewa ujue ni foleni. Itengeneze, nitakuja kumpa mwenyewe."

Hali ya mzee ilikuwa mbaya tangu jana yake. Tulijua. Alikuwa hajala kitu ila barafu.

Ilikuwa miezi ile ya jua kali kabla ya mvua. Nikatengeneza. Siku ile iliganda vizuri kuliko siku zote, sijui kwa nini. Nilipofunua kopo ilikuwa imesimama, laini, haina hata punje ya barafu ngumu. Nikatia kwenye kikombe, nikakifunika kwa kisahani, nikamngoja wifi.

Mzee akasikia kopo limenyamaza. Alikuwa anajua kazi yangu kwa masikio.

"Jogoo," akasema, "mwambie mwenye nyumba nangoja."

Sauti ilikuwa ndogo. Nikatazama njia. Wifi hayupo.

"Jogoo, koo linaungua."

Nikasimama, kikombe mkononi, karibu na ukuta. Nilikuwa karibu naye kiasi cha kusikia pumzi zake. Ukuta tu ulikuwa katikati yetu. Nikasema moyoni, wifi anakuja, yuko njiani, atatokea pale penye mti.

Hakutokea.

Mzee akaanza kupiga ukuta kwa kiganja. Pole pole. Kisha akasema jambo ambalo hakuwahi kulisema. Hakumtaja jogoo. Alisema, "Mwanangu."

Alinisemesha mimi. Alivunja yeye mwenyewe. Mzee wa watu alivunja heshima ya maisha yake yote kwa sababu ya kiu, na mimi sikujibu!

Bi Zena alisikia kutoka kwake. Alikuja mbio na unene wake, akapitia mlango wa mbele kwanza, akavua viatu vyake pale kizingitini, kisha akachungulia kwangu uani kwenye upenu wa nyumba.

"Mwanangu, mkwe wako anaita. Humsikii?"

"Namsikia, Bi Zena."

"Sasa mbona umesimama?"

"Siwezi kuingia. Ni mwiko."

"Najua mwiko wenu. Nipe mimi hicho kikombe. Mimi si mkwe wa mtu hapa. Viatu nimeshavua."

Akanyosha mkono.

Sikiliza vizuri hapa, ndugu yangu, maana hapa ndipo nilipo. Desturi haikunizuia tena. Wanyakyusa hawakunizuia. Mkono wa Bi Zena ulikuwa umenyoshwa mbele yangu, mtupu, unangoja. Mwiko wa ukwe haumhusu jirani. Ningempa tu, yeye angeingia, mzee angepata.

Nikamwambia, "Hapana, Bi Zena. Wifi anafika sasa hivi. Mwache aje mwenyewe."

"Mwanangu, mtu anaungua!"

"Wifi alisema atampa yeye. Ngojea kidogo."

Kwa nini? Umeniuliza, najua. Nami nimejiuliza mpaka kichwa kinauma. Kisasi cha maneno ya harusi? Ningependa kiwe kisasi, walau ningejielewa. Hakikuwepo. Mzee nilikuwa nampenda.

Ni hivi. Nilitaka wifi anikute. Nilitaka aingie uani anione nimesimama nimejifunika kanga, kikombe mkononi, mzee anaita, nami sijavuka. Nilikuwa nimeshaiona picha hiyo kichwani. Nilikuwa nimeshamsikia akiwasimulia watu wa Tukuyu: hata siku ile, hata peke yake, yule wa Iringa hakuvunja! Ingekuwa kubwa kuliko mayai. Na Bi Zena angeingia na kikombe, habari ingekuwa ya Bi Zena.

Loo! Nimeandika. Ndivyo ilivyokuwa, na hakuna zaidi ya hapo.

Bi Zena aliniangalia. Akashusha mkono. Alikuwa mgeni kwa mambo ya kabila, akaogopa kuharibu asilolijua. Akasema, "Haya, ninyi mnajua." Akaenda kuvaa viatu vyake akarudi kwake.

Mzee akasema "mwanangu" tena, kisha akapiga ukuta, kisha akaacha. Nikajua amelala. Nilijiambia amelala. Nikakaa juu ya kinu na kikombe mapajani. Jua lilikuwa juu ya kichwa. Nilihisi kikombe kinaacha kuuma vidole, kinakuwa baridi tu, kisha hakina hata baridi. Nilifunua kisahani. Yalikuwa maji ya njano.

Wifi alifika ameshika chupa ya dawa, jasho linamtoka. "Foleni hiyo, we acha! Ameshakula?"

"Nilikuwa nakungoja."

Akaingia. Nikasikia ukelele wake.

Hivyo ndivyo alivyokufa baba yangu. Naam, namwita baba yangu sasa, alipokufa. Kiganja chake walikikuta bado kiko ukutani.

Wifi alipotoka aliniona pale pale nilipokuwa, kikombe mkononi, nimejifunika. Ile picha yangu ikatimia yote, haikupungua kitu. Alinikumbatia, kikombe kikamwagika juu yetu, akalia, "Wifi yangu masikini, alikuwa anaita na wewe umeshindwa kuingia! Umeteseka, mama! Umeteseka!"

Nikalia naye. Sikusema kitu.

Msiba ulikuwa mkubwa, tukaurudisha Tukuyu. Watu walicheza ngoma ya maziko, ng'ombe wakachinjwa, na kila ukoo uliofika ulisimuliwa habari ya mkwe kutoka Iringa. Wanawake wa makamo walikuja kunishika mikono. "Ndaga, mama, ndaga," asante, asante. Mmoja alisema binti zao wa siku hizi waje wanitazame. Mume wangu alifika kutoka safari, macho mekundu, akanishika bega mbele ya watu, jambo ambalo halifanyi kamwe.

Palikuwa na shangazi mmoja mkongwe wa upande wa marehemu. Yeye hakunisifu. Alikaa akitafuna mdomo, kisha akauliza tu, kama anayeuliza bei ya chumvi:

"Kwani hapakuwa na jirani?"

Ndugu msomaji, Bi Zena alikuwa amekaa kwenye mkeka ule ule. Alikuwa amesafiri na basi kutoka Mbeya kuja kutuzika. Alikuwa karibu yangu, goti lake linagusa goti langu.

Nikasema, "Hapakuwa na mtu, shangazi."

Bi Zena hakuinua uso. Alitazama viganja vyake, akavigeuza, akavitazama tena.

Kosa la kwanza unaweza kusema nilipumbazwa. Hili la pili nililifanya macho yakiwa wazi.

Tuliporudi Mbeya nilikwenda kwake. Nilipiga magoti mlangoni. Nikamwambia, "Bi Zena, nisamehe." Alikuwa anachambua mchele. Alisema, "Inuka, mwanangu. Usiniombe mimi. Mimi siye niliyekuwa na kiu." Hakusema kwa hasira. Akaniuliza kama watoto wamekula. Mpaka leo ananisalimia kila asubuhi vile vile, "Umeamkaje, mwanangu?" na kila asubuhi ninatamani anitukane.

Nilikwenda kwa padri pia. Aliniondolea dhambi, akanipa malipizi, nikayatimiza yote. Lakini nikitoka kanisani nakutana na mtu ananiambia, "Wewe ndiye yule mkwe mwema?" nami nainamisha kichwa, wanadhani ni unyenyekevu.

Mwisho nikamwambia mume wangu. Sikuweza kulala kando yake tena na jambo lile kati yetu. Nilimwambia yote, mkono wa Bi Zena, picha yangu, uongo wangu mkekani. Nilingoja anipige au anirudishe Iringa. Ningeshukuru lolote.

Yeye akauliza, "Iliganda?"

"Iliganda."

"Vizuri?"

"Vizuri kabisa. Kuliko siku zote."

Akaitikia kwa kichwa. Akatoka nje akakaa kwenye ngazi za mlango wa mbele mpaka giza likaingia. Hajaniuliza tena, hajanigombeza, hajawaambia ndugu zake. Mshahara analeta, watoto anawabeba. Ila hanitazami usoni anaposema nami. Akitaka chumvi anamwambia mtoto, "Mwambie mama alete chumvi." Watoto wanadhani ni mchezo.

Na sioni dawa. Muda hauniponyi. Nimejaribu kujiambia kwamba alikuwa wa kufa tu, kwamba kijiko cha barafu hakiponyi uvimbe. Ni kweli, hakiponyi. Lakini hakuomba kupona. Aliomba kijiko.

Sasa nieleze kwa nini nimeandika leo baada ya kunyamaza hivi.

Majuzi walikuja wanawake wa ukoo kutoka Tukuyu, wamemleta binti anayeolewa na mtoto wa baba mdogo wa mume wangu. Mtoto wa watu, kutoka upande wa Njombe, hajui desturi za hapa. Wakasema, "Tumeona afundishwe na wewe. Nani mwingine anayeijua heshima ya ukwe?" Wakatuacha wawili chumbani. Chumba cha mbele.

Alikaa mkekani ameinamisha kichwa, vidole vinacheza na pindo la kanga, anangoja maneno yangu. Nilitaka kumwambia. Mungu ni shahidi, nilifungua mdomo. Lakini wanawake walikuwa nje wanasikiliza, na mmoja wao ni wifi yangu.

Basi nikamfundisha. Nikamwambia ajifunike, atoke njiani, asitamke jina. Alisikiliza vizuri. Kisha akauliza swali moja, kwa sauti ndogo:

"Na mzee akiugua, dada? Akiniita, na hakuna mtu?"

Nikamjibu, "Wifi yako atakuja."

Akasema, "Ahsante, dada," akaondoka nao.

Ninyi mlioolewa katika nyumba za watu, shikeni desturi za huko, ni njema, sizilaumu. Lakini jitazameni mnapozishika, ni kwa ajili ya nani. Mkono wa jirani ukinyoshwa, mpeni kikombe. Jirani akikosekana, jifunikeni muingie kinyumenyume, na wanaotaka kucheka wacheke.

Na wewe, binti wa Njombe, waliniambia umesoma, kwa hiyo labda gazeti litakufikia na utaitambua sauti hii. Ulinifanyia heshima ya kuniuliza, nami nikakudanganya kama nilivyomdanganya shangazi. Wifi hatakuja. Usimngoje. Mzee akikuita, ingia.